Benchi la Manzese Laingia Katika Historia

"Wajumbe wa kongamano watatembezwa kesho katika maeneo ya kihistoria," redio ilitangaza, na kijiwe kizima kikamgeukia Gibson. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, ndiyo maana pale Manzese wakamwita Ramani.

"Unawapeleka wapi, Ramani?" aliuliza Vaileth, muuza kahawa.

"Mjini. Makumbusho, makanisa ya kale, magofu. Nyie mtaelewa nini?"

"Waonyeshe na benchi hili. Jumamosi nalo linakuwa gofu."

Walicheka wote isipokuwa Apolinari, aliyefundisha historia hadi akastaafu, jina la Chaki likamganda. Taiyeb, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma yao, alikuwa amekwishasema: Jumamosi benchi liondoke, apange saruji. Tangu mkewe afariki, Apolinari alikuwa na nyumba ya kulala tu; kuishi, aliishi hapa kijiweni.

"Mie basi langu linapita hapahapa," Gibson alinong'ona. "Nawashusha, nasema benchi hili alikuwaga analikalia sultani. Bosi Taiyeb akiona kamera, atathubutu kulitoa?"

"Sultani alifuata nini Manzese? Misumari?" Vaileth akadakia.

"Njia ya mwongo ni fupi," Apolinari alisema taratibu. "Washushe. Nitawaeleza ukweli."

"Mwalimu, ukweli wa hapa ni sie na kashata!" Gibson alipinga.

"Huohuo."

Kesho yake wajumbe wakashuka kweli, beji shingoni. Apolinari akasimama kama aliye mbele ya ubao. Akawaonyesha alipoketi Benedikto na alipoketi Nurdin, majirani walionuniana miaka kwa ajili ya ukuta, hadi kijiwe kilipowapatanisha. Akawaonyesha pembe ambapo uchumba wa Tekla ulivunjika, ukaungwa tena kabla birika halijapoa. Gibson alitafsiri huku jasho likimtoka. Wageni waliandika, wakapiga picha benchi, birika, hata kibao cha duka. Mmoja akamwomba Taiyeb asogee aingie kwenye picha. Taiyeb akanyoosha kola.

Basi lilipoondoka, Taiyeb aliwafuata wanakijiwe, sauti imelainika. "Mwalimu, kumbe miaka yote mie nimekalia urithi? Benchi haliondoki. Saruji itakaa uani."

Vaileth akapiga kigelegele hadi makaa yakaonekana kuwaka upya.

Jumamosi Apolinari alikuta benchi linang'aa vanishi, limezungushiwa mnyororo mpya wa dukani. Juu yake kibao: ENEO LA KIHISTORIA. USIKALIE.

Gibson alikuwa wima, kikombe mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Unaona sasa? Bora sultani wangu."

"Marahaba. Na sultani wako naye angesimama."

"Ndiyo historia yenyewe hiyo," Vaileth alisema akimimina. "Wenye nayo wako nje ya mnyororo."

Apolinari alichungulia uani, kwenye saruji iliyohamishwa. Akaenda, akaubonyeza mfuko mmoja, akaubonyeza wa pili, akaketi. Akavuta pumzi ndefu.

"Lete kahawa huku, Vaileth. Na wewe, Ramani, njoo ukae. Lakini ukipitisha mgeni hapa, wallahi hatujuani!"