Bustani ya Bentsil, Nyota Tano

Jumatatu, Novemba 6

Bahati inanijua kwa jina. Leo nimeshika simu, nikaandika "Bustani ya Bentsil", na nani yuko juu kabisa? Mimi! Wa kwanza Sekondi nzima, Takoradi ikiwemo.

Siri yangu? Kila ukurasa wa tovuti una maneno ya watu kusoma. Nyuma yake kuna vibandiko vya siri ambavyo mtambo wa kutafuta peke yake huvisoma: hapa ni mahali gani, hufunguliwa lini, pana nyota ngapi. Ni kama kwa chifu: huongei naye moja kwa moja. Unamnong'oneza msemaji wake, naye ndiye hupaza sauti. Basi! Nimenakili vibandiko vya tovuti moja ya Accra, nikajaza vyangu. Nyota: tano. Waliotusifu: mia nane. Enzi za baba walikuwa wakija kucheza dansi hapa zaidi ya hao kwa Krismasi moja tu.

Maame Efua, mwenye baa ng'ambo ya barabara, hana tovuti. Ana ubao na chaki. Baa yake inajaa kwa sababu watu hawana taarifa.

Jumanne, Novemba 7

Simu! Mwanamke wa Kojokrom anauliza mkate wa sukari ni bei gani. Nikamwambia mama, hapa ni bustani ya dansi. Akasema simu yake inamwambia ni duka la mkate. Kumbe ile tovuti ya Accra ni ya mwoka mikate, na kibandiko cha "hapa ni nini" sikukigusa! Akapiga wa pili. Wa tatu akanitukana, eti naficha mkate nipandishe bei.

Maame Efua akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Ekow Bentsil, niwekee miwili, jioni nina supu!"

Sikukibadilisha. Mteja ni mteja.

Alhamisi, Novemba 9

Nimegundua kibandiko cha tukio. Ukikijaza, tarehe yako inang'aa mbele za watu. Lakini tukio gani? Nikaenda kusimama katikati ya sakafu. Saruji nyekundu, baba aliisugua kwa mikono yake. Pale jukwaani bendi yetu, Nyota za Ahanta, ilipiga kila Jumamosi. Mimi mtoto, nimelala chini ya meza ya tiketi, tarumbeta ya Ackah inanipita mbavuni. Harufu ya poda ya akina mama. Samaki wa kukaanga. Viatu mia vikikwaruza pamoja.

Nikarudi ndani, nikajaza: Jumamosi jioni, Nyota za Ahanta, tarumbeta Ackah. Uongo? Hapana. Ni kumbukumbu. Nimebadilisha tarehe tu.

Jumamosi, Novemba 11

Mchana, mzee langoni. Suti ya buluu inamning'inia. Kisanduku cheusi mkononi. Ackah mwenyewe! Nilidhani alishakufa. Ametoka Axim, amebanwa na abiria katika trotro mbili. Mjukuu wake alitafuta jina la bendi kwenye simu, akaona dansi yangu.

"Ekow mwanangu," akaniambia, "nilijua mtaniita. Hata marehemu mke wangu nilimwambia, wale wataniita."

Akauliza wenzake wako wapi. Nikasema wako njiani. (Wako, ila njia ile hairudi.) Akakaa jukwaani, akaanza kuifuta tarumbeta kwa leso.

Nikatoka mbio. Watu nitawapata wapi? Jumamosi mji mzima umevaa nyeusi na nyekundu, uko mazishini. Basi nami nikaenda mazishini! Kwa marehemu Arhin, fundi cherehani, nyuma ya stesheni. Umeme umekatika, spika zimemfuata marehemu. Watu kimya chini ya maturubai, familia imeinamisha vichwa kwa aibu. Nikamnong'oneza mjane kwamba nina tarumbeta isiyotaka umeme. Akauliza ya nani. Nikamtajia. Alisimama kabla sijamaliza jina.

Wakaja wote! Maame Efua akavusha mabenchi yake na bia zake, akinitukana kila safari. Mzee Ackah pumzi fupi. Wimbo wa tatu tarumbeta ikakwama katikati. Akina mama wakauimba, wakambebea, naye akaudaka mwishoni. Mjane akacheza peke yake, mikono imemshika mtu asiyekuwepo. Akasema hapa hapa ndipo Arhin alipomkanyaga kidole, akaomba radhi mpaka wakaoana.

Mzee alipofunga kisanduku aliniambia anajua wenzake hawakuwa njiani. Akasema asante kwa kumwita hata hivyo.

Vumbi la sakafu ile huingia sana machoni.

Jumatatu, Novemba 13

Maame Efua anasema walioleta watu ni umeme, marehemu Arhin na miguu yangu. Wivu! Ni vibandiko. Leo nimejaza Jumamosi ijayo: Nyota za Ahanta, bendi nzima. Waliokufa nimewaandika "wanatarajiwa". Nyota nimepandisha, sita. Mtambo umejibu kwamba mwisho ni tano. Tutaona nani atachoka kwanza.

Maame Efua akatoa simu yake, akaandika "dansi Sekondi". Akashusha kidole kwenye orodha, ananitafuta. Akashusha. Akaenda kuhudumia wateja, akarudi, akashusha tena.

Haya, niandike, hakuna anayesoma humu. Ile ya kuwa wa kwanza ni uongo. Nilikuwa naandika jina langu mwenyewe kwenye simu yangu mwenyewe. Kwa dansi sionekani kabisa. Kwa mkate, wa nne.