Godoro la Kupimia Magoti

Jumatatu, 2 Juni 2025
Siku kubwa! Mama Sesilia, mwenye jimu yetu hapa Nyasubi, katangaza kwamba Jumamosi atateua mwalimu mkuu. Ni mimi au Chacha. Atakayeandikisha wanafunzi wengi zaidi ndiye. Miaka mitatu nagawa taulo tu, mpaka naitwa Ignas wa Taulo. Sasa basi!

Chacha huwapima watu kabla ya mazoezi. Anawaambia wachuchumae, anatazama kama visigino vinabaki chini na magoti hayaingii ndani, kisha anawaambia wako sawa. Wako sawa! Mtu aliye sawa atarudi kufanya nini?

Jumanne, 3 Juni
Nimepata! Nami napima, ila juu ya godoro la sponji, lile la kitandani kwangu. Hapo hata askari angeyumba. Agnetha, muuza mchele, kayumba. Nikatikisa kichwa taratibu, nikaandika kwenye kadi: goti bovu. Akauliza kama atapona. Nikamwambia kwangu atapona. Kajiandikisha papo hapo!

Alhamisi, 5 Juni
Kumi na mmoja! Wote wanawake wa sokoni, wote goti bovu. Chacha ana wanne. Kaniuliza kwa nini napimia kwenye godoro. Nikamjibu ni utaalamu wa kisasa, hataelewa.

Mama Vumilia, mmoja wa hao kumi na mmoja, hakwenda kucheza kwenye harusi ya mdogo wake, kaogopa goti litamtoka. Niliumia kidogo moyoni. Nikazipanga kadi zangu upya, ikapita. Ninachoumia zaidi ni mgongo, maana sasa nalala kwenye mkeka.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu! Aibu tupu!

Ilianza vizuri. Mama Sesilia alisoma kadi zangu kwa sauti mbele ya wote, goti bovu, goti bovu. Chacha kainamisha kichwa. Mimi meno nje. Mara akaingia Mzee Jilala, baba yake Mama Sesilia, katoka Mwadui kumsalimia binti yake. Nani alimwita?

Wanawake wote kumi na mmoja wakashuka kumwamkia kwa Kisukuma, kama walivyofunzwa na mama zao. Mwangaluka, mwangaluka! Wakachuchumaa chini kabisa, migongo imenyooka, visigino sakafuni, magoti yametulia tuli. Mama Vumilia alikuwa na mtoto mgongoni! Mzee akawaitikia mmoja mmoja, akauliza mpaka habari za ng'ombe. Nao wamestarehe huko huko chini.

Mama Sesilia akatazama kadi, akawatazama wao, akanitazama mimi. Nikaeleza kwamba ile ni salamu, si zoezi. Akaniomba nichuchumae mimi, palepale kwenye saruji. Nikashuka. Kupanda sikupanda. Chacha ndiye aliyeninyanyua, na wanawake wakacheka mpaka machozi. Mama Vumilia hakucheka. Alisema harusi ya mdogo wake haitarudiwa.

Jumapili, 8 Juni
Mwalimu mkuu ni Chacha. Kanipima, tena kwa upole, jambo linaloudhi zaidi. Goti langu la kushoto linaingia ndani, kisigino kinanyanyuka. Eti nishike kiti, nichuchumae mara kumi kila asubuhi. Sifanyi ng'o!

Leo kanisani, katikati ya mahubiri ya toba, nimeliona kosa langu wazi. Furaha iliyonijaa! Godoro nimeshalifunga kamba, kesho nahamia Runzewe, ambako hawanijui. Kosa lilikuwa kuchagua magoti. Huko nitapima shingo. Hakuna anayemwamkia mzee kwa shingo!