Mwanafunzi Wenu Anaamini Nikisema Sitaki

Kijiji cha Gornja Lipa, Serbia,
nyumba yenye lango la buluu.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Ustawi wa Jamii,

Pokea heshima zangu zote, ingawa leo zina makali kidogo. Mimi ni Radojka Stanimirović, mjane. Mlimleta kwangu binti aitwaye Tijana afanye mazoezi ya kuhudumia wazee. Mazoezi yamekwisha, na nasikia mnakaribia kumpa cheti. Naomba mumfelishe. Sababu zangu ni hizi:

1. Ananiita mteja. Mteja wa nini, jamani? Mteja huchagua bidhaa, akapunguziwa bei. Mimi nilifungua lango tu, nikamkuta amesimama. Nikamwambia aniite bibi, kama watoto wote wa hapa. Akajibu, "Tumefundishwa kuweka mipaka." Mipaka! Nyumba yenyewe haina hata uzio upande wa nyuma.

2. Anafungua dirisha na mlango kwa wakati mmoja, eti hewa safi. Kila Mserbia aliyelelewa vizuri anajua kwamba upepo unaoingilia huku na kutokea kule ndio unaoua watu. Shingo imenikakamaa mpaka leo. Jirani yangu Slavka ananicheka: "We Radojka, umeletewa msaidizi au muuaji?"

3. Mgeni akiingia kwetu hupewa kijiko cha jamu na bilauri ya maji. Nilimpa jamu ya tini niliyoipika mwenyewe. Akakataa, kisa kanuni za kazi zinakataza zawadi. Nikamwambia, mwanangu, hii si hongo, sina kesi popote. Tukavutania kisahani mpaka jamu ikamwagikia kitambaa cha meza. Alikifua yeye mwenyewe, tena vibaya.

4. Hili ndilo kubwa. Anaamini nikisema sitaki! Aliniuliza, "Nikuletee kuni ndani?" Nikasema hapana, usijisumbue. Mheshimiwa, mwenye adabu yeyote anajua kwamba hapana ya kwanza ni salamu tu, ya pili ni ya kumpima mtu, na mara ya tatu ndipo unakubali. Yeye akatabasamu: "Naheshimu uamuzi wako," akaketi. Jiko likazima. Nilipoguna akaniinamia kwa upole, "Nasikia kwamba una huzuni." Huzuni ya nini? Nilikuwa na baridi!

Kwa hiyo arudie mwaka mzima. Na kwa kuwa makosa yake yote yamegunduliwa jikoni kwangu, ni haki arudie hapa hapa, si kwa mzee mwingine asiyejua pa kumsahihisha. Jumatatu inafaa. Ikibidi, walimu wake nao waje, maana inaonekana hata wao hawajui kuuliza mara ya pili. Viti vipo.

Nisalimie walimu, wapishi wa shule, na dereva wenu anayeendesha kama kaibiwa kitu.

Ni mimi, mwenye shingo ngumu,
Radojka Stanimirović

Nyongeza: Siku ya mwisho Tijana aliniuliza kama ningependa aendelee kuja, hata baada ya mazoezi. Nikasema hapana, usijisumbue. Akaheshimu uamuzi wangu, akafunga lango polepole, akaenda zake. Tangu hapo nyumba ni kimya mno, na dirisha naliacha wazi mwenyewe. Mpeni cheti, anastahili. Ila mwambieni aulize tena. Sitamchosha mpaka mara ya tatu. Ya pili tu nitakubali.