Ndoo ya Mkwe, Ndoo Yangu

Jumanne, 4 Machi

Toa kichwa kwenye friji, wewe mke wa mwanangu! Mama mzima, amejichomeka kati ya maziwa na nyanya! Nimemkemea mpaka koo limekauka. Kajibu ati joto, Mama, linanipanda ghafla kama nimemeza jiko. Hedhi imekoma, na usingizi nao umekoma. Amechoka. Jumamosi anakwenda kwa dada yake kupumzika, kurudi hajui lini.

Hajui lini! Nani atanichemshia maji ya kuoga alfajiri? Na nani mwingine humu ndani anaweza kubishana nami?

Redio imesema maji baridi hutuliza homoni za wanawake. Homoni sizijui. Kutuliza nakujua. Watu husema dawa ya moto ni moto. Waongo. Ni maji.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba barafu kwa muuza samaki. Nikajaza beseni, nikamwamuru mkwe atumbukize miguu. Katii, maskini, hana nguvu ya kubishana. Kapoa kidogo, hata kashukuru. Kisha kaenda kazini benki ananuka samaki. Paka wa mtaa mzima wamemsindikiza mpaka mlangoni. Karudi, kajifungia bafuni.

Mimi ndiye niliyemkataza sabuni?

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya. Mkwe asiguse jiko: mgonjwa wa joto na mvuke, wapi na wapi! Maji yangu kachemsha mwanangu, huku ananung'unika. Ndoo mbili bafuni, yangu ya moto, ya mkwe baridi kama kaburi. Zote za bluu. Taa imeungua.

Nimejimwagia ya mkwe.

Yowe langu limeamsha majirani. Mwanangu kaja na mwiko kumpiga mwizi. Mkwe, aliyekuwa bado amelala fofofo, kaja nyuma yake, kaona, kakaa sakafuni kucheka mpaka machozi. Kasema, Mama, mkuki kwa nguruwe mtamu. Nguruwe nani?

Nesi wa nyumba ya pili naye kaingia. Kasema maji baridi yanaweza kumpoza mtu kwa muda, lakini kurekebisha homoni, yeye hana hakika. Mkwe aende kliniki. Tena huyu anakosa usingizi. Kauliza, nani anamwamsha kila alfajiri kusimama juu ya mvuke?

Wote wamenitazama. Nimetazama dari. Ina ufa.

Jumamosi, 8 Machi

Hakwenda kwa dada yake! Kalala mpaka jua limeingia dirishani, kaamka na uso wa binadamu. Karudisha nguo kabatini. Jumatatu atakwenda kliniki. Nimegeukia ukuta, nikafuta macho. Vumbi tu.

Mwanangu anasema kilichomsaidia ni kulala. Mtoto wa juzi! Ni maji baridi, na mbinu ni yangu. Na dawa haikatizwi.

Basi kesho alfajiri mkwe aamshwe, aoge baridi. Na kabla hajaoga, anichemshie ndoo yangu. Iwe ya moto sana.