Msomi wa Safu ya Mbele

Jumapili, 2 Machi
Baada ya ibada, kanisani Jakobsberg, hapa Uswidi. Ndugu Akili tena! Kikombe cha kahawa mkononi, anawaeleza wanakwaya aliyoyasikia kwenye mihadhara ya maprofesa: utamaduni, jamii, utambulisho. Mama Séraphine, mwongoza kwaya, mjane, anamtazama kwa macho yale ninayoyatafuta mimi tangu Krismasi. Nikasema hata mimi huhudhuria. Uongo. Mama akasema basi twende wote Jumatano. Uongo mzuri!

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwuliza binti yangu Nala wasomi husikilizaje. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba wanakaa kimya tu. Haitoshi. Nimebuni mtindo wangu: kidole shavuni, macho nusu wazi, kichwa kinaitikia polepole. Kwenye kioo cha bafuni nilitisha.

Jumatano, 5 Machi
Maktaba ya Kista. Safu ya mbele. Profesa Lorraine alieleza kwa nini watu hapa huchungulia mlangoni kwanza, wasije wakakutana na jirani kwenye ngazi. Hilo nililipata. Baada ya hapo, giza. Kiswidi changu ni cha kuendeshea basi. Nikaitikia kwa kichwa. Akili akauliza swali refu kuliko mhadhara. Nikaitikia kwa nguvu zaidi. Profesa akaniinamia, akaniuliza kitu. Nikajibu, “Precis!” Yaani, hasa! Ukumbi mzima ukacheka. Mama Séraphine akaninong'oneza, “Papa Kambale, ameuliza kama shingo inakuuma.”

Nikaletewa maji. Aibu! Lakini Mama alinishika mkono mpaka nyumbani kwangu Husby, kama mgonjwa. Akili alibaki anapanga viti.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Séraphine kaja na sombe ya majani ya mihogo na samaki. Nikajishika shingo, nikaguna. Akasema, “Acha, Papa. Haikuumi. Kula.” Akaongeza kwamba hata yeye mhadhara ulimpita, na kwamba amechoka na wanaume wanaojifanya wanajua. Tulicheka mpaka Nala akatoka chumbani kutuangalia. Sijala kwa raha hivi miaka mingi. Nikaapa moyoni: kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumapili, 9 Machi
Ibada tamu. Mama Séraphine kakaa karibu nami. Kisha Akili akatangaza kwamba ameombwa kumkaribisha profesa mwingine jukwaani. Makofi. Hata Mama akapiga! Nikasimama. Nikawaambia chuo kikuu kimeniomba mimi mwenyewe nitoe mhadhara mwezi ujao, kwa Kiswidi. Makofi zaidi!

Siku njema kweli. Imebaki kupata mada, ukumbi na Kiswidi.