Sauti ya Mzee Lutengano Ipite Njia Gani?

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mafinga. Ukungu mpaka mlangoni. Leo nimegundua jambo ambalo hata wakubwa hawalijui. Simu ya kwenda Mbeya ina njia mbili!

Nilikuwa posta kutengeneza redio ya Benedicta, opereta wetu, mama wa Kibena asiyecheka ovyo. Nikamsikia akisema laini ya Mbeya imejaa, basi apitishiwe Iringa. Punde si punde mtu anaongea na Mbeya! Sauti imekwenda kaskazini ili ifike kusini! Nusura nidondoshe bisibisi.

Redio naijua. Redio, mmoja anasema, nchi nzima inanyamaza. Lakini hii! Mtu anakaa hapa kwenye misonobari, anakohoa, na aliyeko Mbeya anamwambia pole. Chakula cha mchana kimenishinda.

Halafu akili ikanijia. Watu wanaingia posta wanapiga simu tu, hawajui kwamba wanaweza kuchagua. Nani wa kuwaambia? Mimi, Ambrosi Kalinga, fundi redio. Nitakaa kwenye benchi la nje, nishauri. Mwenye haraka, moja kwa moja. Mwenye maneno mazito, kupitia Iringa, sauti ipumzike kidogo.

Jumanne, 5 Machi
Mambo yameanza! Mwalimu mmoja amechagua Iringa, akanishukuru kwa kikapu cha viazi. Benedicta amesema nisimpangie kazi. Wivu tu.

Marcelino, utingo wa lori la mbao, amepita akanicheka mpaka akaegemea ukuta. Huyu ndiye hupeleka salamu za watu Mbeya kwa mdomo, na zikifika zimeshatiwa chumvi. Ameuliza mbele za watu kama sauti ikifika Iringa huwa inashuka kunywa chai.  Wapumbavu ni wengi.

Jioni amekuja Mzee Lutengano, yule seremala wa Kinyakyusa wa kiwanda cha mbao. Anatembelea magongo, gogo lilimwangukia mguuni. Mwanawe Jailos yuko Mbeya, anafanya kazi karakana. Jumamosi asubuhi anapanda basi kwenda Zambia kusomea umeme, miaka mitatu. Mzee anataka kumbariki kabla hajavuka mpaka. Kwa mguu ule, hawezi kusafiri. Marcelino alishajitolea kuzibeba baraka kwenye lori! Mzee akamwambia baraka za baba hazisemwi na utingo. Hapo nikampenda sana.

Nimemwapia kwa marehemu baba yangu kwamba kesho atamsikia mwanawe. Akasema nikifanikiwa atanijengea kibanda chenye kibao mbele. Kibanda! Chenye kibao!

Jumatano, 6 Machi
Nimechagua moja kwa moja. Mbeya ikaitika vizuri, sauti ya kike, laini. Benedicta akasema anatakiwa Jailos wa karakana, anaitwa na Mzee Lutengano.  Mzee akapewa simu, akasema halo kwa lile sauti lake la pipa tupu. Tk! Imekatika.

Tukarudia. Mbeya inaitika, jina la mzee linatajwa, tk!

Baada yetu mchuuzi mmoja wa mbao akapiga hukohuko Mbeya, akaongea mpaka akachoka mwenyewe. Nimemweleza mzee kwamba laini ile haijazoea sauti nzito. Akaniamini. Hilo ndilo limeniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua tangu alfajiri. Leo kupitia Iringa. Iringa wakaitika, wakaita Mbeya, ile sauti laini ikaja, jina la mzee likatajwa. Tk! Marcelino alikuwa dirishani. Ameuliza kama chai imeungua.

Nikaamuru Dodoma! Benedicta akasema kutoka Dodoma simu itarudi kwa nguzo zilezile za Iringa. Nikamjibu kwamba sauti iliyokwishaiona Dodoma haiwezi kuwa ileile. Akanitazama weee, akaunganisha, nadhani ili ninyamaze.

Nikatega sikio. Ee Mungu wangu! Iringa akimwita Dodoma, Dodoma akimrudia Iringa, wanawake wasiojuana wanapokezana jina la mzee mmoja wa Mafinga kama kaa la moto. Nikaziona nguzo zikilowa mpaka Usangu. Ng'ombe wa Wasukuma wanakula majani, hawajui nani anapita juu ya pembe zao. Machozi yamenitoka, siogopi kusema. Mbeya ikaitika. Tk!

Mzee hakunilaumu. Ameniuliza kwa upole kama ipo njia nyingine. Nimesema ipo. Haipo.

Jioni nimesikia amemwuliza Marcelino kama kesho kuna nafasi juu ya mbao za lori. Kwa mguu ule! Kwa mvua hii! Akifia njiani mtu wa kulaumiwa ni mimi. Sikutaka hata kunywa chai.

Ijumaa, 8 Machi
Jailos amepiga mwenyewe! Benedicta amepokea, akasikiliza, kisha akacheka. Sijawahi kuyaona meno yake.

Kumbe ile sauti laini ni Lea, mke wa Jailos! Mzee alijua kwamba mkwewe yuko posta ya Mbeya, ila alidhani anauza stempu. Mimi sikuuliza. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na jina lake halitamki kabisa. Sasa afanyeje? Kumwita Jailos lazima aseme nani anamwita! Kila akilisikia jina lile anang'oa waya, anajifunika kanga usoni. Na mwenzake wa zamu anaumwa, yuko peke yake kwenye mitambo wiki nzima. Jana usiku ndipo alipomweleza mumewe, tena kwa mafumbo.

Nimekaa chini, pwaa, kwenye sakafu ya posta. Mkwe yuko Mafinga, mtoto wa watu anajifunika Mbeya! Heshima nayo inapita kwenye waya! Mimi nilidhani ni sauti tu inayopita.

Tumemfuata mzee, tumemkuta ameshafunga kirago, anangoja lori. Alipoelezwa akashika kichwa. Akasema kumbe amemtesa binti wa watu siku zote hizi. Halafu akanyooka juu ya magongo yake, akasema Jailos ameoa mke kweli.

Mpango ni wa Jailos. Kesho, kabla ya basi, ataingia kwenye chumba cha simu cha posta ya Mbeya. Lea ataunganisha waya, atavua hedifoni, atatoka nje. Nimependekeza tupitie Dodoma. Mzee akaanza kufungua kirago chake.

Jumamosi, 9 Machi
Sijui niandikeje.

Mbeya iliitika. Benedicta hakutaja jina, alisema tu kwamba mgeni wake yuko tayari. Tukasikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa. Halafu sauti ya Jailos ikasema baba.

Mzee alivua kofia. Alibariki kwa Kinyakyusa, polepole, macho yamefumbwa. Sikuelewa hata neno. Foleni nzima ilisimama wima, hata mama mmoja aliyekuja na kuku alimfunga kuku mdomo kwa mkono. Marcelino alivua kofia pia. Nikawaza kwamba muda ule Mbeya yote haina opereta. Wakubwa wanasubiri, wafanyabiashara wanasubiri, na Lea amesimama kwenye mvua ameupa mlango mgongo, ili mzee mmoja amalize maneno yake. Nywele zilinisimama.

Jailos alilia. Mzee akasema ndaga fijo, ndaga fijo, asante sana, akaweka simu chini kwa mikono miwili. Laini ilikuwa bado wazi, tukasikia kwa mbali Jailos akigonga dirisha kumwita mkewe arudi ndani.

Mzee atamtengenezea Lea meza ya mninga. Benedicta atapata kiti. Mimi nimepewa mkono. Mkono tu!

Jumatatu, 11 Machi
Nimewaza tangu jana, kanisani, wakati wa mahubiri. Kilichotusaidia nimekijua. Ni kule kuzungusha sauti mpaka Dodoma siku ya Alhamisi. Laini ilipata moto! Bila mimi mzee angekuwa juu ya mbao. Watu hawana shukrani.

Leo nimetaka kuwaonyesha. Mama mkwe wangu, Evarista, anafanya kazi kwa masista Iringa, na masista wana simu. Nikamleta mke wangu posta amsikie mama yake. Mke wangu akasema aongee yeye kwanza, tena akanikumbusha mambo ya Lea. Nikamwambia yale ni ya Wanyakyusa, wao mwiko wao ni wa masikio. Sisi Wahehe mwiko wetu ni wa macho. Nikimwona mama mkwe njiani napinda vichakani, naye anajifunika. Lakini waya una macho? Hauna!

Nikamnyang'anya simu. Nikapaza sauti, Kamwene mama, ni mimi mkweo Ambrosi!

Nikasikia kishindo cha simu kudondoka. Halafu ndala zikikimbia kwenye saruji, mbali, mbali zaidi. Halafu sista mmoja akiuliza kwa mshangao Evarista amepatwa na nini.

Mke wangu ameondoka bila kuniaga. Benedicta amefunga dirisha.

Laini ya Iringa imechakaa, hilo halina ubishi. Kesho nitaomba nipitishiwe Tanga.