Nilivyojisoma Kwenye Makala ya Daktari

Leo nimejiaibisha mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Nina wasiwasi wa udhu. Wenye nao wanaujua. Unatawadha, unamaliza, halafu moyo unakuambia kisigino hakikupata maji. Unarudia. Unarudia tena. Ukija kuingia msikitini, watu wanatoa salamu, swala imekwisha. Ndiyo maana nimekuwa nikienda kliniki kwa siri, kwa Daktari Nuru, bingwa wa maradhi ya akili aliyehamia hapa Lamu. Mke wangu anajua. Baba yake, Mzee Shee, hajui, naye ndiye msimamizi wa msikiti wetu wa hapa mtaa wa Langoni. Hunisifu kwa watu kwamba mkwe wake humtangulia hata muadhini. (Nawahi ili nipate muda wa kurudia.)

Asubuhi dukani, mimi ni fundi wa simu, wateja hawakuja. Nikaingiwa na hamu: huyu anayeniambia nitawadhe mara moja tu niondoke, ni nani hasa? Nikaandika jina lake kwenye simu. Lahaula! Makala juu ya makala. Ameandika kuhusu usingizi, kuhusu kina mama wanaoingiwa na huzuni baada ya kujifungua, kuhusu wagonjwa wanaotupa dawa chooni. Kiingereza chenyewe kigumu, lakini kupekua kuna utamu wake. Nikafika kwenye moja inayomhusu mwanamume wa pwani, fundi, ana mke na watoto, hutawadha hadi swala impite, na wakweze amewaficha jambo hilo.

Huyo ni mimi. Hadi wakwe wameandikwa.

Sasa, alasiri daktari alikuwa na mkutano wa kuwaeleza watu wa mtaa kazi yake. Ukumbi umejaa. Mzee Shee yuko mbele kabisa. Mtu mwenye akili angemngoja daktari nje. Mimi nikanyoosha mkono.

"Bi Daktari, umeniandika bila ruhusa."

Akanitazama kwa upole. "Bwana, hilo tulizungumze baadaye, faragha."

"Hapana, hapa hapa. Yule fundi mwenye wasiwasi wa udhu ni mimi. Mambo yangu umeyatangaza kwa walimwengu."

(Walimwengu hawakuwa na habari. Ukumbi ndio ulikuwa unayasikia sasa, kutoka kinywani mwangu.)

Daktari akavua miwani. "Bwana, makala hiyo niliiandika kabla sijatia mguu Lamu. Fundi yule ni mtu mwingine. Wenye shida hiyo ni wengi."

Nikakaa. Kisha Mzee Shee akasimama taratibu, akanigeukia, akasema kwa Kiamu chake:

"Kumbe mai ya tangi la msikiti ni wewe uyamalizao."

Akaugeukia ukumbi.

"Tangi lakauka kila alfajiri, sisi twalaumu pampu. Tumenunua pampu mpya. Na ile ya kale ilikuwa nzima."

Ukumbi ulicheka hadi bibi mmoja akajifunika uso kwa buibui. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nje, daktari akanifuata, anajizuia kucheka. "Wewe bado sijakuandika. Je, ukinipa ruhusa?" Nikamwambia aniache kwanza nipumue.

Magharibi nikadhani nitajificha nyumbani. Mzee Shee akaja kunichukua mlangoni. Msikitini akasimama kando ya bomba, mikono nyuma.

"Tawadha."

Nikatawadha. Nikamaliza. Mkono ukarudi wenyewe kwenye bomba.

"Wenda wapi? Ndia ya kuingia ni hiyo."

Nikaingia. Kisigino kilinisumbua swala nzima, lakini rakaa ya kwanza niliipata, na sikumbuki mara ya mwisho niliipata lini. Tulipomaliza, Mzee akanipa mkono, hakuuachia. "Mbona hukunambia, mwanangu?" akauliza, polepole, wengine wasisikie. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na machozi yalinilengalenga.

Basi sasa hivi nimemtumia daktari ujumbe. Aniandike, nimeridhia, huenda kuna fundi mwingine mahali atajisoma naye. Jina asitie, mtaa asitie. Na kwa ajili ya heshima ndogo iliyobaki, pampu asiitaje kabisa.